Habari za Ndege wa Mpunga

Jumanne, 8 Septemba 1998

Basi limechelewa tena. Nimefika Rockville saa tatu kasorobo, Profesa keshajaribu kushuka kitandani mwenyewe. Nimemgombeza. Vidonge viwili vya presha, kimoja cha moyo, uji, chai bila sukari. Kisha ndege wake. Ofisi ya huku Marekani iliniandika kumtunza mzee, haikusema ndege. Lakini mikono yake inatetemeka, mtama wote anaumwaga chini, na anayefagia ni mimi.

Ni wawili, dume na jike. Binti yake alimnunulia kwa mfugaji. Wamezaliwa tunduni, mpunga hawaujui. Mwili wa kijivu, kichwa cheusi, mashavu meupe kama yamepakwa chokaa, mdomo mnene mwekundu. Siwapendi. Miezi minne niko hapa na sijamwambia mtu kwamba ndege hawa nawajua.

Leo yamenitoka. Profesa ameweka kaseti aliyorekodi Java, huko Indonesia, alipokuwa kijana, kazi yake ilikuwa kuchunguza ndege. Kundi zima linashuka kwenye mpunga. Nimeshika kikombe cha chai. Kabla sijajua ninalofanya nimepiga makofi na kupiga ukelele: "Haaa! Hooo! Haaa!" Chai yote ukutani. Miaka thelathini na tano sijaamia ndege, na mwili haujasahau.

Profesa alicheka mpaka akakohoa. Akataka kujua nimejifunza wapi. Ikabidi niseme. Kwetu Pemba watoto ndio wanaokaa shamba kuwafukuza ndege wasile mpunga, na ndege wenyewe ni hawa hawa. Macho yake yakawaka. Alikuwa anajua kwamba zamani waliletwa visiwani kwetu, ila hajapata kukutana na mtu wa huko.

"Na hawajambo, ndege wa kwenu?" akaniuliza.

"Hawajambo," nikamjibu. "Wapo wengi, alhamdulillahi."

Akachukua kalamu, akaandika.

Jumatano, 9 Septemba

Nimeona alichoandika. Siku zote nilidhani anaandika barua. Kumbe anaandaa taarifa ya ndege huyu, watu wa kuhifadhi wanyama wamemwomba. Wapi bado yupo, wapi hayupo, hali yake ikoje. Kwao hasa ni Java na Bali. Mabonde ya mpunga, vichaka vya mianzi, pembezoni mwa mikoko, hata mapaa ya nyumba za watu. Alikuwa amejaa tele, wakulima wakimlaani. Sasa amenaswa na kuuzwa matunduni mpaka mabonde yamekuwa kimya. Profesa ana barua za marafiki zake wa huko. Kila moja inasema: tumepita siku nzima, hatukumsikia hata mmoja.

Halafu mstari wa mwisho, kwa mkono wake unaotetemeka: Pemba, wapo wengi. Shahidi ni mwenyeji wa huko.

Ebo! Mimi shahidi? Mimi nilimwitikia salamu! Kwetu ukiulizwa habari unasema njema. Nyumba inaungua, njema. Ukishasema njema ndiyo unavuta pumzi, unasema, "Ila..." Mjomba alipokuja kutuletea msiba wa bibi alijibu "njema" mara nne kabla hajautoa. Huyu Mzungu hakungoja "ila" yangu. Na mimi sikuitoa.

Ijumaa, 11 Septemba

Mdomo wa yule dume unagonga. Tk. Tk. Kisha anapiga mluzi. Nimeusikia kwenye treni, nimeusikia ndani ya lifti. Jioni niliusikia chumbani kwangu Oxon Hill, nikasimama na sufuria mkononi. Salma, binti yangu, akaniambia kwa Kizungu chake kwamba ni bomba la maji, na kwamba nina mambo.

Asubuhi nimemwona Raya. Kituo cha Anacostia, gauni la njano, ananipa mgongo. Mtoto wa watu tu. Mama yake aliniangalia vibaya kwa jinsi nilivyomkodolea macho.

Raya ni mdogo wangu. Alikuwa na miaka sita. Mimi kumi na moja.

Jumatatu, 14 Septemba

Nimekusudia kumwambia Profesa afute. Nimemkuta na Wambui, nesi Mkenya anayekuja kumpima presha. Mzee anacheka, presha imeshuka. Wambui ananiambia, "Aki wewe Mize, umempa huyu mzee dawa gani? Leo ni kijana!"

Dawa ni Pemba. Amempigia simu rafiki yake akamwambia kuna kisiwa. Kama huko wapo wengi, anasema, basi hata Java ikiwa tupu, iko siku watu wataweza kuwarudisha kwao. Amesema sasa anaweza kufa akijua kuna mahali.

Nimetengeneza supu.  Mwoga mimi.

Alhamisi, 17 Septemba

Niandike basi. Daftari hili halina mdomo.

Mwaka ule ndege walikuwa wengi kuliko watu. Mpunga ulikuwa unaanza kuinamisha vichwa. Mimi na Raya tulikuwa juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya bonde, tangu alfajiri hadi magharibi, tunavuta kamba za makopo na kurusha mawe kwa teo. Tukiwafukuza huku wanashuka kule. Sauti zilitukauka. Baba alitazama mpunga wake unavyotobolewa, akaenda mjini, akarudi na dawa. Akachanganya na mchele, akaumwaga pembeni mwa shamba. Uliobaki aliufungia kwenye kasha, ufunguo akautia kiunoni. Akatuita sote wawili. "Msiguse. Mize, wakianguka wote wazike. Chimba mpaka kiwiko."

Walianguka thelathini na wawili. Niliwapanga na kuwahesabu. Wengine walikuwa bado wanafumba na kufumbua macho.

Nilizika ishirini na watatu. Ardhi ilikuwa ngumu, jua kali, na kulikuwa na harusi kwa jirani, ngoma naisikia. Tisa nikawafunika kwa majani ya mgomba nyuma ya dungu. Nikasema nitawamaliza kesho. Baba akaniuliza, "Habari za shamba?" Nikasema, "Njema." "Umezika wote?" "Wote."

Kesho yake Raya alitangulia. Nilipofika nilikuta moto mdogo chini ya dungu, umekwisha kufa. Manyoya ya kijivu. Tulizoea kuchoma ndege, kaka zetu walipowachinja. Mtoto wa miaka sita anajua nini tofauti ya aliyechinjwa na aliyekufa mwenyewe? Alikuwa amelala pembeni, ana povu mdomoni.

Kabla sijapiga kelele nilizika manyoya. Niandike hilo pia. Kwanza manyoya, ndipo nikapiga kelele.

Mama alisema Raya amekula mchele wa sumu, baba ameacha kasha wazi. Baba akaapa kwa Mungu amelifunga. Hakuna aliyemwamini. Mama akarudi kwao na sisi watoto. Baba hakumtaja tena kwa jina. Baba alikufa peke yake kule bondeni, mimi nikiwa Dar. Hadi leo mama hataki kuitwa mke wa Faki.

Jumapili, 20 Septemba

Kadi ya simu nimenunua kwa Mhabeshi. Kila Jumapili, kwao ikiwa baada ya alasiri, Asha anampeleka mama kwa jirani mwenye simu. Asha ni mtoto wa kaka yangu, anaishi na bibi yake.

Nimemuuliza Asha kuhusu ndege wa mpunga, wale wenye mashavu meupe. Akacheka. "Ndege gani hao, shangazi? Mimi sijapata kuwaona. Ngoja nimuulize bibi."

Nikamsikia mama akiwa mbali na simu, anajibu kama anatema mate: "Ndege waliisha. Aliwamaliza yule. Aliwamaliza na mwanangu."

Kisha akashika simu mwenyewe. "Habari za huko, mwanangu?"

"Njema, mama."

"Njema" ikatoka yenyewe. Dakika kumi tumezungumza habari za njema tupu, kadi ikaisha.

Jumanne, 22 Septemba

Nimemwambia Profesa. Alikuwa anakula yai. Nimesimama mbele yake kama mwanafunzi aliyekosa, nikasema: mimi sijui kama wapo. Kwetu bondeni hawapo. Uliniuliza hawajambo, nikakujibu ya adabu. Nisamehe.

Kijiko akakiweka chini. Uso ukamporomoka. Nikaona presha inapanda mbele ya macho yangu. Akatazama tundu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Kwa nini hawapo?"

Nikamwambia yote. Dungu, dawa, harusi, tisa, Raya, manyoya. Kizungu changu hakina maneno ya mambo hayo, nikayasema hivyo hivyo, yamevunjika vunjika.

Nilidhani atanipa pole. Hakunipa. Akavuta karatasi. Walianguka wangapi? Thelathini na wawili. Ulizika wangapi? Ishirini na watatu. Mwezi gani? Mpunga ulikuwa umefika wapi? Baada ya hapo uliwahi kuwaona tena? Niliwaona wawili watatu mwaka ule, nikamwambia, kisha tukahama. Yote akayaandika, akanionyesha.

Pemba, bonde moja: walikuwapo wengi, waliuawa kwa sumu, baadaye shahidi aliona wawili watatu tu. Kwingine kisiwani: haijulikani.

Ndivyo ilivyo. Mara ya kwanza mtu kuniuliza, mara ya kwanza nimejibu sawa. Nimeosha yai lililoganda kwenye sahani nikilia kama mjinga.

Sasa nimemwambia mzee wa Rockville kabla ya mama yangu mzazi. Aibu gani hii.

Ijumaa, 25 Septemba

Yule jike amekufa. Nimemkuta chini ya tundu, miguu juu. Jana alikuwa anakula vizuri. Profesa anasema alikuwa mzee, ndege hawaumwi siku mbili kama sisi, wanaficha mpaka wanaanguka. Dume anagonga mdomo, anaruka kijiti hadi kijiti.

Wambui akaniambia nimfunge kwenye mfuko wa plastiki nimtupe. "Ni ndege tu, Mize. Ama unataka tumwitie pasta?" Alikuwa anatania. Nilimjibu vibaya. Baadaye nimemwomba radhi.

Mkono wangu ulikataa kumgusa. Nimemsukumia kwa kijiko ndani ya boksi la vidonge, nikaliweka kwenye friji, nyuma ya maziwa. Mtu mzima na akili zangu.

Jumapili, 27 Septemba

"Habari za huko, mwanangu?"

Nikashika simu kwa mikono miwili. "Njema, mama. Ila."

"Ila nini?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi maradhi haya nimeyaficha mpaka yamevuka bahari. Nimemwambia: baba alifunga kasha. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwake. Raya hakula mchele, Raya alichoma ndege. Ndege ambao mimi niliambiwa niwazike nikaenda kwenye ngoma. Manyoya niliyazika mimi. Baba alisema kweli na mimi nilikuwepo alipoapa.

Hakulia. Hakunilaani. Nilisikia jogoo, nikasikia watoto wa jirani. Nikasema, "Mama? Mama, upo?" Simu ikawekwa chini taratibu. Siyo kukatika. Kuwekwa.

Dakika ishirini na mbili zilibaki kwenye kadi.

Jumatatu, 28 Septemba

Nimemtoa ndege kwenye friji. Nimechimba nyuma ya nyumba, chini ya dirisha, kwa koleo dogo la maua. Ardhi ya huku ina mawe na mizizi. Nimepima kwa mkono mpaka kiwiko kikagusa ukingo. Kisha nikamtia, nikafukia, nikakanyaga. Profesa alikuwa dirishani na blanketi mabegani. 

Jumapili, 4 Oktoba

Asha peke yake. "Bibi hakuja, shangazi. Anasema miguu inamuuma."

Bibi miguu haijamuuma tangu azaliwe.

Alhamisi, 8 Oktoba

Taarifa imeondoka. Nimeipeleka posta mwenyewe, bahasha nene. Profesa amechoka, halali vizuri, hali chakula. Furaha ile ya Pemba imemtoka na ni mimi niliyeitoa. Leo nimemwambia hivyo. Akasema bora asijue kuliko kujua uongo. Kisha akasema hilo ni rahisi kulisema mchana.

Jana Salma ameniuliza kwa nini siku hizi sicheki. Nikamwambia nitamsimulia. Nikamsimulia. Alinijibu kwa Kiswahili, neno moja: "Pole." Sijui alikuwa analiweka wapi.

Jumapili, 11 Oktoba

Asha tena, peke yake. Nikasema bas, mama amenizika.

"Shangazi, kuna jambo," akasema. Jumanne mama alichukua jembe, hakutaka kusindikizwa. Wamemkuta bondeni kwenye kaburi la baba, anang'oa magugu. Miaka yote hajapakanyaga. Alhamisi amemsomea hitima. Amepika mwenyewe, wali wa nazi na samaki, amealika majirani na ndugu wa baba ambao alikuwa hawasalimii. Na mbele ya watu wote akasema: "Faki hakuua mtoto."

"Watu wanauliza, shangazi. Kama si babu, ni nani?"

"Mimi," nikamwambia.

 Asha akasema anaitwa, akakata.

Jina la baba limesafishwa. Nimefurahi, wallahi nimefurahi. Halafu nikakaa chini kwenye zulia na nguo za kazini, nikamwita mama kwa sauti, kama nimepotea sokoni.

Ijumaa, 16 Oktoba

Dume ameacha kugonga mdomo. Kimya kile ndicho kibaya zaidi. Nikiwa jikoni nasikiliza, sisikii, naenda kutazama. Yupo. Amekaa upande mmoja wa kijiti, ameacha nafasi ya mwenzake.

Profesa anataka nimtafutie jike mwingine. Nimemwambia hapana. Amekubali.

Jumapili, 18 Oktoba

Baridi imeanza. Nimevaa soksi. Salma yuko kazini kwake Bladensburg. Nimepiga saa ileile bila kutegemea kitu, kwa sababu mkono umezoea.

Akapokea mama. Nilimjua kwa pumzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

 Nikasema tunachosema. "Habari za hapo?"

 Nikasikia jogoo yuleyule.

"Mbaya, mwanangu," akasema. "Mbaya sana."

Katika maisha yangu sijapata kumsikia mtu wa kwetu akijibu hivyo. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Na za huko?" akaniuliza.

"Mbaya, mama."

"Haya," akasema. "Nipe."